Mafundi wa tenda wamekuja Kigoma mara tatu kutoka Dar, tatizo nimelikuta nyuma ya kabati la bosi

#1 FundiMwanga

Wakuu salamu. Uzi mrefu kidogo, asiyependa kusoma apite kimya kimya asije kulalamika huko chini.

Mimi fundi kompyuta hapa Kigoma mjini, nina kibanda changu maeneo ya Mwanga, nimeanza kazi hii enzi zile mji wote unaenda kwa majenereta ya dizeli kabla hatujaingizwa gridi ya taifa 2022, kwa hiyo pawasaplai zilizoungua nimezifungua mpaka harufu yake naijua nikiwa mlangoni. Nawaambia hivi ili mjue siongei ya kuhadithiwa.

Sasa mwezi uliopita kanipigia dada mmoja wa uhasibu wa ofisi fulani hapa mjini, siitaji na hata ukiibahatisha usiiandike. Anaongea kwa sauti ya chini kama yuko msibani, "kaka njoo Jumamosi, bosi hayupo, intaneti inatutesa miezi mitano na watu wa tenda wameshindwa". Hao watu wa tenda ni kampuni ya Dar yenye mkataba wa matengenezo na hiyo ofisi. Wamekuja mara ya kwanza wakabadilisha ruta kubwa. Mara ya pili wakabadilisha swichi, kile kisanduku chenye matundu kinachounganisha nyaya za mtandao. Mara ya tatu wakaja na karatasi kwamba nyaya zote za jengo zimechoka zing'olewe zipitishwe upya, bei sitaisema lakini mwenye kiwanja Ujiji angeezeka.

Jumamosi nikaenda. Nimekaa masaa mawili na nusu, intaneti inakimbia hata kidogo haikwami. Napima hapa, napima pale, hamna kitu. Aibu jamani! Yule dada ananiangalia kama anajiuliza kwa nini kaniita. Ndipo nikamuuliza swali ambalo kumbe miezi mitano yote hakuna aliyewauliza: hii kitu inaanza saa ngapi na inaanzia kwa nani?

Dada akacheka, akamwita mama mmoja anayefanya usafi pale, akamwambia mama mwambie fundi. Mama kajibu bila hata kuacha kudeki, "bosi akiwepo ndo inasumbua, akisafiri inatulia, sisi tunasema bosi ana gundu". Ofisi nzima walikuwa wanajua! Wanalifanya utani. Na wale wanaowahi kazini kabla ya bosi intaneti yao inakaa mpaka jioni, wanaochelewa ndio hawapati, mpaka kuna kijana mmoja mchelewaji walikuwa wanamsingizia kwamba kompyuta yake ndiyo inayoambukiza wenzake.

Jumanne nikarudi gundu likiwa ofisini. Nikakaa kwenye mashine ya huyo mchelewaji, nikafungua lile dirisha jeusi nikaandika ipconfig, naona mlango wa kutokea umeandikwa 192.168.0.1 wakati ofisi nzima inatumia 192.168.1.1. Hapo moyo ukatulia. Kuna ruta ya pili humu ndani. Nikaenda kwenye swichi, nikawa nachomoa waya mmoja mmoja huku dada ananiambia kwa simu kama ile ruta ya pili imekata au bado, tulipofika tundu la 11 akasema imekata. Nikaufuata waya ule ukanipeleka chumba cha bosi. Nyuma ya kabati la mafaili kuna ruta ndogo ya nyumbani, vumbi limejaa mpaka antena, imechomekwa kwenye ekstensheni moja na feni na birika la chai. Bosi akifika asubuhi anawasha ukutani, akitoka anazima maana anaogopa moto. Gundu lenyewe ndio hilo.

Sasa nani kaiweka? Ni hao hao wa tenda, kabla ya hizo safari tatu, bosi alilalamika simu yake haina waifai, wakaitoa kwenye begi wakachomeka wakaondoka. Na hiyo waifai bosi mwenyewe haikuwahi kumpa kitu, anatumia bando lake, ila hakusema maana aliona ataonekana mshamba!!

Nikaingia kwenye ruta, nikaizuia isigawe namba, nikaibadilisha anwani ikae kwenye mstari wa ofisi, waifai ya bosi ikashika kwa mara ya kwanza. Kazi haikufika saa nzima. Bosi akaniita, "kijana umebadilisha nini?" Nikasema sijabadilisha kitu mkuu, kulikuwa na mpangilio mbaya nimeurekebisha. Akasema "aah, basi kumbe kitu kidogo". Nikapewa elfu 10 ya peti keshi, kwenye vocha imeandikwa nauli.

Juzi dada kanirushia picha ya ripoti ya wale jamaa. "Tumeboresha mfumo wa mtandao wa ofisi." Wameambatanisha invoisi. Wamelipwa.

Nawasilisha, nipo hapa nakunywa uji.

#2 migebuka_kavu

Bosi ana gundu 😂😂 huyo mama wa usafi ndiye apewe tenda

#3 HKL_milele

Mkuu sisi wa historia na Kiswahili tufafanulie, hiyo ruta ndogo inauaje kubwa? Si kila moja ina kazi yake?

#4 FundiMwanga

@HKL_milele swali zuri. Chukulia umeenda hospitali, mlangoni kuna mtu anagawa namba za foleni. Kompyuta ikiwaka inafanya hivyo hivyo, inapiga kelele "jamani naomba namba", ruta inaipa namba na kuiambia mlango wa kutokea uko wapi. Sasa wakikaa watu wawili wanagawa namba, kompyuta haichagui mwenye busara, inachukua ya aliyejibu kwanza. Ruta kubwa inasema toka kwa mlango wangu, mlango uko wazi. Ile ndogo nayo inasema toka kwangu, lakini nyuma yake kuna ukuta, haijaunganishwa na intaneti popote. Ukipewa namba na huyo wa pili umebaki unaangalia ukuta. Na ukishapewa namba unakaa nayo, ndio maana waliowahi walikuwa salama na waliochelewa wanaumia, na umeme ukikatika ukarudi wote wanaomba upya, hapo inakuwa bahati nasibu.

Ndio maana walipobadilisha ruta kubwa haikusaidia. Walipobadilisha swichi haikusaidia. Na wangeng'oa nyaya zote wakapitisha mpya, ile ndogo ingechomekwa kwenye waya mpya.

#5 kamanda_wa_Bangwe

Mleta mada wivu tu. Umekosa tenda unaleta majungu. Sajili kampuni, ingia NeST, ule mfumo wa serikali wa kuombea tenda mtandaoni, omba kazi kama wenzako, mambo ya kuingia ofisi za watu Jumamosi kimya kimya ndio mnaitwa vishoka.

#6 FundiMwanga

@kamanda_wa_Bangwe kishoka nakubali, jina nimeshalizoea. Jina la biashara ninalo, TIN ninayo, leseni nalipia. Tangazo la mwisho nililoliona lilitaka mwombaji aonyeshe mikataba mitatu ya aina hiyo hiyo aliyomaliza. Ya kwanza ataipata wapi ambaye hajapewa ya kwanza? Lakini sikuja kulilia tenda kaka. Ningeshinda mimi ningelipwa vile vile, kwa kifaa nilichobadilisha. Nani angeweka kwenye invoisi "nimemuuliza mama wa usafi"?

#7 DadaWaDukaLaDawa

Huu uzi umenitonesha kidonda.

Mimi niko Kasulu, duka la dawa, bosi wangu ana maduka matatu akaweka kampuni iwe inatuhudumia kompyuta. Ya kwangu ni ile ya mezani ya zamani, jioni nachomoa kwenye umeme maana hapa radi zinapiga mchezo. Ikaanza kila asubuhi nikiwasha tarehe inarudi nyuma miaka huko, mauzo yanaandikwa ya mwaka ambao hata duka halijajengwa, nikifungua barua pepe inaniambia tovuti si salama rudi nyuma. Nikawapigia. Wakasema ni virusi. Akaja kijana, mpole tu, kavaa tisheti ya kampuni, akachomeka flashi akasema dada napiga Windows mpya dakika arobaini na tano. Nikamuuliza na vitu vyangu? Akasema vipo, nimevihamisha.

Alidhani viko kwenye D, ile sehemu ya pili ya diski, kumbe havikuwepo kwenye D, vilikuwa kwenye desktopu na ndani ya ile programu ya mauzo. Miaka sita ya stoo. Madeni ya watu. Tarehe za dawa kuisha muda. Nilikaa chini nikalia mbele ya wateja sioni aibu kusema.

Na kesho yake asubuhi nikawasha, tarehe imerudi nyuma tena.

#8 FundiMwanga

Daah, pole sana dada yangu. Najua jibu na wewe nadhani umeshalijua.

#9 DadaWaDukaLaDawa

Kijidude kama shilingi. Fundi mmoja hapa sokoni anayetengeneza redio ndio aliniambia, hata si wa kompyuta. Alifungua akakitoa akakipima na mita yake akasema hii inatakiwa volti 3 imebaki moja na kitu. Akaweka kingine, elfu 2. Nilikaa nayo mwaka wa pili huu haijarudi nyuma hata siku moja.

#10 FundiMwanga

Kwa wanaosoma: hiyo ni betri ya saa, ile bapa imeandikwa CR2032, iko juu ya bodi. Kompyuta ikichomolewa kwenye umeme hiyo ndiyo inayotunza saa. Ikifa, kompyuta inaamka haijui leo ni lini. Na tovuti zote hizi zina vyeti vyenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, kompyuta ikidhani tuko miaka kumi nyuma inaona cheti hakijaanza kufanya kazi inakataa. Mtu akikwambia hivyo ni virusi mwambie asubiri kwanza atazame saa pale chini kulia.

Na dada, siku nyingine kitu kama hicho kikitokea usiwashe tena hiyo diski wala usiandike chochote juu yake. Vilivyofutwa mara nyingine vinarudishika kama hakuna kilichoandikwa juu. Akishapiga Windows juu yake ndio basi sehemu kubwa imekwenda.

#11 nilikuwa_wa_tisheti

Nimesoma nikasema ninyamaze, nimeshindwa. Mimi nilikuwa hao vijana wa tisheti, si kampuni hiyo, nyingine, lakini zote mama mmoja.

Nimetoka chuo, nimekaa ofisini Dar wiki tatu, nikaambiwa wewe kanda ya magharibi. Kanda ya magharibi maana yake Tabora, Kigoma, Katavi, peke yangu, na begi moja. Ndani ya begi kuna flashi mbili za Windows, bisibisi, kile kikoleo cha kubania vichwa vya nyaya na ruta mbili ndogo za nyumbani ambazo bosi alizipata bei ya jumla. Mita sikupewa. Kutoka Dar mpaka Kigoma ni zaidi ya kilomita 1,200, nashuka basi miguu imevimba, mteja ananisubiri amekasirika tangu wiki iliyopita.

Sasa sikilizeni. Kampuni yangu ililipwa kwa fomu. Fomu ya safari ikisainiwa na kugongwa muhuri, kazi imeisha. Hamna sehemu ya kuandika "sijajua tatizo". Kuna sehemu ya kuandika kilichofanyika na kifaa kilichowekwa. Nikiwa nimekaa masaa matatu nachunguza nikampigia bosi kwamba bado natafuta, jibu lake ni moja, "piga Windows, saini fomu, kesho uko Urambo". Nimepiga Windows kwenye mashine ambazo feni ilikuwa imekufa. Nimepiga Windows kwenye ofisi ambayo bomba la maji ya mvua lilikuwa linavuja juu ya swichi. Najua hilo halina maana lakini ndivyo ilivyokuwa, maji yanadondoka na mimi nasubiri asilimia zifike mia.

Ile ruta nyuma ya kabati la bosi inawezekana kabisa kuna niliyoiacha mimi mahali. Kama kuna mtu ana ofisi na bosi mwenye gundu huko Mpanda naomba atazame.

#12 migebuka_kavu

Mkuu umeungama mbele ya umma 😂 lakini heshima kwako

#13 Mtoto_wa_Isevya

Tabora hapa. Sisi huku mafundi wa tenda wametuuzia Windows 11. Walikuja na habari kwamba Windows 10 Microsoft imeacha kuihudumia tangu tarehe 14 Oktoba 2025, hilo ni kweli sikatai. Wakaipiga 11 kwenye mashine zote ikiwemo mikweche ya zamani ile Core i3 jenereshoni ya tatu yenye ramu 4 na hadidiski ya kuzunguka. Ukibonyeza unaenda kunywa chai ya maziwa unarudi inafikiria. Kumbe zile mashine hazikidhi vigezo, waliruka ukaguzi kwa ujanja, sasa hatujui masasisho makubwa yakija zitakubali au zitakataa. Zingewekwa SSD, ile diski isiyozunguka, na kuongezewa ramu kidogo tungekuwa tunakimbia.

Na vumbi la hapa mnalijua, mvua zikiisha vumbi linaanza. Fungua laptopu yoyote ya Tabora ndani unapanda mtama. Hakuna fundi wa tenda hata mmoja niliyemwona na brashi.

#14 kamanda_wa_Bangwe

Sawa wa tenda wabovu tumekubali. Sasa tuwaongelee na nyie wa vibandani. Nilipeleka laptopu Mwanga ina ramu 8 imerudi na 4. Nimeambiwa chaji imeunguza "aisii", yaani chipu ya kwenye bodi, nikalipa elfu 60, jirani yangu laptopu aina hiyo hiyo tatizo hilo hilo akaambiwa aisii, kila kitu aisii, hivi hiyo aisii inaoza kama nyanya?

#15 FundiMwanga

@kamanda_wa_Bangwe ya ramu mkuu ni wizi, hakuna jina jingine, kabla hujamwachia mtu fungua mbele yake mwangalie wote ramu ngapi andikeni kwenye karatasi.

Ya aisii nitakwambia ukweli, nikimaliza mnipige mawe.

Nimewahi kusema aisii na haikuwa aisii. Alikuja mzee mmoja, laptopu haichaji. Nimehangaika nayo tangu saa nne mpaka alasiri, nimefuata njia ya umeme kwenye bodi hatua kwa hatua na mita, mwisho nikakuta ni uchafu, mafuta ya mawese yameingia kwenye tundu la chaji yakakamata vumbi, ile pini ya katikati haigusi vizuri. Nikasafisha na spiriti na mswaki. Ikachaji. Mzee kaja nikamwambia ukweli, nimesafisha tundu, nipe elfu 15. Akanitazama, akasema "kusafisha tu?" Akanipa elfu 3 akaondoka anasonya.

Aliyemfuata nikamwambia aisii. Akalipa elfu 40 akashukuru na kunipa namba ya shemeji yake.

Sijisifu. Nawaambia kwamba kile kilichowafanya wale wa Dar wabadilishe swichi nzima ndicho kilichonifanya mimi niseme aisii. Mteja anataka kushika kitu. Ukimwonyesha kifaa kilichoungua analipa, ukimwambia nimetafuta masaa matano nikakuta, anaona umemwibia hayo masaa. Mimi sasa hivi nimebandika karatasi kibandani, KUPIMA NI ELFU 5 HATA USIPOTENGENEZA. Robo ya wateja wanasoma wanageuka.

#16 kamanda_wa_Bangwe

Angalau umesema. Lakini elfu 60 yangu nani atanirudishia.

#17 Kibirizi_gati

Nichomekee kidogo ya kwetu huku ziwani. Wafanyabiashara wanaovuka kutoka Kalemie na Uvira wanakuja na laptopu zenye kibodi ya Kifaransa, A iko kwenye Q, M iko pembeni ya L. Kuna mmoja wa tenda alimpigia Windows mama mmoja wa Kikongo akaweka mpangilio wa Kiingereza, paswadi yake ina a mbili na m moja, mama anaandika kama alivyozoea anaambiwa si sahihi. Walimwambia akaunti imevamiwa. Aliishi wiki nzima akiamini mume wake wa zamani kamvamia. Ugomvi ulifika mpaka kwa balozi wa nyumba kumi! Nilichofanya mimi ni kubonyeza vile vitufe viwili vya kubadilisha lugha. Na mimi sikulipwa ila aliniletea sambaza, vile visamaki kama dagaa, kilo mbili.

#18 migebuka_kavu

Sambaza kilo mbili ni malipo mkuu, FundiMwanga alipewa nauli

#19 HKL_milele

Swali kwa @nilikuwa_wa_tisheti, kwa nini hamkuwauliza watumiaji? Hata bila mita, mdomo si unao?

#20 nilikuwa_wa_tisheti

Kwa sababu ukifika unapelekwa moja kwa moja kwa bosi. Bosi ndiye anayesaini. Anakuelezea tatizo ambalo yeye kahadithiwa na mtu ambaye kahadithiwa. Ukisema naomba nikae na anayetumia mashine, unaonekana hujui kazi, mtaalamu gani anamuuliza karani. Mara moja nilimuuliza karani mbele ya bosi, karani akaogopa kusema kwamba anachomoa kompyuta ili achaji simu. Nikabadilisha UPS nzima, lile betri la akiba umeme ukikatika.

#21 FundiMwanga

Wakuu mrejesho, leo kumetokea jambo.

Dada wa uhasibu kanipigia saa tatu asubuhi, intaneti imekufa tena, mlango wa kutokea unasoma 192.168.0.1. Wala sikumwambia aangalie, kaangalia mwenyewe, kile kidirisha cheusi alikuwa anakitazama nikifanya kumbe kakishika.

Kilichotokea ni kwamba wa tenda walikuja jana kwa ukaguzi wa robo mwaka. Wakataka kuingia kwenye ruta ya bosi, hawana paswadi maana nilibadilisha mimi na nikaiandika kwenye karatasi nikaibandika pale pale ubavuni. Hawakuitazama karatasi. Wakachukua sindano wakabonyeza kile kitundu cha nyuma, ikarudi kama ilivyotoka kiwandani, ikaanza kugawa namba upya. Fomu imesainiwa, wameshapanda basi.

Nilitaka kufunga kibanda niende, dada akasema usije kaka, nishachomoa ule waya wa tundu la 11, ofisi nzima wanapata. Ila bosi kaniita anataka kujua nimefanyaje, naingia kwake sasa hivi, niambie haraka, niseme nimebadilisha nini?

#22 Mtoto_wa_Isevya

Mwambie aisii

#23 kamanda_wa_Bangwe

Elfu 60 asishuke hapo